Kinachokukera Ndicho Chako

 

Siku hizi mtu akitaka kuambiwa habari za kipaji chake hakosi pa kwenda. Ziko semina za Jumamosi za kiingilio, yako mahubiri, ziko video za kwenye simu ambamo kijana mwenye suti ya kubana anakuhakikishia kwamba ndani yako amelala simba. Unatoka hapo kifua mbele. Jumatatu alfajiri umening'inia kwenye bomba la daladala, simba mwenyewe hajaamka, na hujui hata uanzie wapi kumwamsha. Sina ugomvi na watu wa hamasa, nao wanatafuta riziki. Ninachowalaumu ni kwamba wanakuchorea kipaji kilichojificha mbali, mpaka uache unachokifanya ndipo ukakisake. Mimi nadhani mara nyingi kimo humo humo kwenye kazi inayokutoa jasho leo, au pembeni yake kidogo, na umekizoea kiasi kwamba hukioni.

Twende Goba, Dar es Salaam, ninakoishi. Anayeijua Goba anajua kwamba kule kila mtaa ni saiti. Zamani tulikuwa Kinondoni, leo tuko Manispaa ya Ubungo, lakini kazi ni ile ile: Kinzudi wanamwaga jamvi, Matosa wanafunga lenta, Kulangwa wanapaua. Na kwa kuwa ardhi yetu ni ya vilima na makorongo, nyumba ya Goba haimsamehe fundi mbovu. Nyumba hiyo hiyo moja, upande wa juu msingi unachukua kozi mbili tatu, upande wa bondeni unazidi kuongezwa mpaka unapita kimo cha mtu. Masika yakifika, maji yanakwenda moja kwa moja pale ulipolipua.

Kwenye saiti moja jirani na ninapokaa alikuwapo kijana, saidia fundi. Kazi yake kukoroga udongo, kubeba tofali, kumwagilia ukuta wa jana. Malipo yake yalikuwa ya chini kuliko ya wote pale. Nilikuwa nikipita asubuhi kwenda kituoni, na nilichokiona ni kwamba fundi akishuka kwenda kunywa chai, yule kijana haendi kukaa kivulini na wenzake. Anasogea kwenye ukuta, anafumba jicho moja, anaufuata uzi kwa macho kutoka pembe hadi pembe. Anaweka pimamaji juu ya tofali la mwisho, anatazama kale kapovu kanatulia wapi, analiinua, analiweka tena. Siku moja akachukua mwiko akaligonga tofali kwa kitako cha mpini, taratibu, mpaka likakaa sawa na wenzake. Fundi aliporudi akagundua, akafoka: nani kakutuma? Kijana akajibu kwa upole, "Samahani fundi, lilikuwa linaniumiza macho."

Mimi niliutazama ukuta ule ule kila siku, nikaona ukuta.

Hapo ndipo ningependa tuanzie. Watu wengi hutafuta kipaji chao kwenye mambo wanayoyapenda, na kupenda kunadanganya. Mimi napenda sana mpira, na mpira haujawahi kunipenda hata siku moja. Tazama kwanza mambo yanayokukera yakifanywa vibaya, hasa yale ambayo wenzako waliosimama pale pale hawaoni tatizo lolote. Mama anayekula pilau ya harusi na kujua kwamba kitunguu hakikukaangwa kikaiva. Mwanakwaya ambaye sauti ya pili ikishuka kidogo tu anahisi kuchomwa sindano. Mwanachama wa VICOBA ambaye daftari likisomwa haraka haraka hapati usingizi mpaka apige hesabu upya, si kwamba anamshuku mweka hazina, bali jumla haikumkalia vizuri. Kero za aina hiyo hazifundishwi shuleni. Ni jicho, ni sikio, ni ulimi, vilivyokwisha kuona tofauti kabla mwenyewe hajajua kwamba anatazama.

Bahati mbaya, majumbani mwetu mtoto mwenye kero za namna hiyo huambiwa ana kiherehere, ana gubu, anajifanya mjuaji. Akiwa wa kike ndiyo kabisa. Anafunzwa kunyamaza, na akishanyamaza miaka kumi anaingia semina ya Jumamosi kuuliza kipaji chake ni kipi.

Lakini tusikubali kila mlalamikaji ajiite mwenye kipaji. Mitaani kwetu tusingepata pa kupita. Yule kijana alilishika tofali. Anayekerwa na chakula kisha akaingia jikoni, huyo tumpe nafasi. Anayekerwa na chakula akaishia kusema, mwacheni aseme.

Kuna alama nyingine, na hii utaipata kwa kuwatazama majirani. Wanakuja kwako kuomba nini? Kila mtaa una mtu mmoja ambaye msiba ukitokea ndiye anayepelekewa kalamu aandike historia ya marehemu. Hakuna aliyemteua. Ana kazi nyingine kabisa, pengine anauza vifaa vya umeme, lakini watu wamekwisha kujua kwamba akiandika yeye, makaburini pale hata waliokuja kwa kutimiza wajibu watatega sikio. Mwingine anaitwa kusuluhisha mke na mume saa nne za usiku, kabla jambo halijafika kwa mjumbe. Hawa hawajihesabu kuwa na vipaji, kwa sababu televisheni haina shindano la kuandika historia za marehemu wala la kupatanisha wanandoa. Tumekwisha kuamini kwamba kipaji ni kuimba, kucheza mpira na kuchekesha. Visivyopigiwa makofi tunaviita roho nzuri.

Sasa tuteremke mjini, tupite Makongo na Mwenge mpaka Oysterbay, maana palikuwa na mtu pale ambaye habari zake zinafaa kusimuliwa polepole.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini. Shule aliipata kidogo. Akaondoka kwenda kutafuta kazi, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na katika miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Akawa mfanyakazi wa nyumbani kwa mtumishi mmoja wa serikali, Mwingereza. Mwajiri alipoondoka, ikawa ni vibarua na kuuza matunda na mboga Oysterbay, jirani na maduka ya Morogoro Stores. Mpaka mwaka 1968 hakuna aliyemjua kwa uchoraji. Hebu piga hesabu: alikuwa na miaka 36. Kwa viwango vya leo vya semina, huyu tayari amechelewa.

Husimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, zikinunuliwa, akajiambia hata yeye anaweza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya ubao mwembamba, ule wa kupigia siling bodi, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, ile ya kopo inayopatikana duka la vifaa. Rangi ile ina ukaidi wake. Haikubali kuchezewa ikiwa mbichi. Unapaka ya nyuma kwanza, unaiacha ikauke, ndipo unamleta mnyama juu yake, kisha madoa, kisha mistari ya manyoya na majani. Inang'aa, na rangi mbili zikikutana zinakutana kwa ukali, hakuna kivuli wala ukungu. Ule mng'ao, zile rangi kali, yale madoa yaliyopangwa moja moja, ambavyo leo dunia nzima inaviita mtindo wa Tingatinga, vilitokana kwa sehemu kubwa na kopo la rangi ya baiskeli. Angesubiri mpaka apate vifaa vinavyostahili, huenda tusingekuwa na mtindo huo.

Na soko lake? Picha ziliuzwa pale pale Oysterbay. Wazungu na wageni waliokuwa wakipita kununua mahitaji ya nyumbani ndio walionunua chui na ndege zake. Kwa maoni yangu, ule muda wa kuuza mboga haukupotea hata kidogo. Alikuwa amekwisha kuwajua wateja wale: wanapita saa ngapi, wanasimama wapi, kitu gani kinawafanya wageuke. Alipopata ajira Hospitali ya Muhimbili hakuiweka brashi chini. Kazi aliifanya na picha alizichora.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuficha ufundi wake. Alikaribisha ndugu na jamaa wakae naye wachore: January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo, Simon Mpata. Walijifunza kwa kufanya, bega kwa bega na mwalimu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Akafa. Tangu 1968 ni miaka minne tu. Fundi wa siri angekwenda na ufundi wake. Wanafunzi wale waliendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 likazaliwa rasmi shirika lao la ushirika, ambalo mpaka leo liko pale pale Oysterbay. Ukipita utawakuta wachoraji wameinama juu ya mbao zao, na harufu ya rangi inakupokea kabla hujaona picha.

Nikupe na upande wa pili, maana sipendi kusifu tu. Ukizunguka kwenye vibanda utaona twiga yule yule, machweo yale yale, Mlima Kilimanjaro ule ule, mara hamsini. Mtalii anaomba anachokifahamu, na mchoraji ana ada ya shule ya kulipa. Mimi siwezi kumhukumu. Ila mtu anaweza kuwa na mkono mwepesi, akalelewa vizuri, akaishia kuwa nakala nzuri ya mwalimu wake. Linganisha na George Lilanga, aliyetoka kwenye uchongaji wa Kimakonde na kufanya kazi Nyumba ya Sanaa pale mjini. Alipogeukia picha alikuja na mashetani yake mwenyewe, wenye masikio makubwa na matumbo, wanacheka, wanabebana, wanasutana. Hakuna atakayezichanganya picha zake na za mtu mwingine. Lilanga alifariki mwaka 2005, na kazi zake zimetundikwa kwenye kumbi za nchi nyingi za nje.

Suala la umri, tuliloligusa kwa Tingatinga, linanipeleka Zanzibar. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, kwenye familia iliyoishi kwa ufinyanzi. Alikuwa akitembeza vyungu akinadi kwa sauti, na sauti ile ilisikika mbali. Miaka ikapita, Fumba wakaisikia kama sauti ya muuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akapata walimu wa muziki, akajifunza kuimba hata Kiarabu, lugha ambayo haikuwa yake. Mwaka 1928, akikaribia miaka hamsini, alivuka bahari na kundi lake mpaka Bombay, wakarekodi santuri zilizopigwa pwani nzima. Shaaban Robert akaja kumwandikia kitabu cha wasifu wake. Tazama vizuri: sauti aliipata kwa Mungu, nayo ilipata mazoezi njiani, chungu kichwani, bila mtu kuita mazoezi. Kilichobaki ni kuhama. Fumba hapakuwa na wa kumfundisha wala wa kumlipa. Wakati mwingine kulea kipaji maana yake ni nauli.

Na hapa nataka nizungumze na ndugu wa mwenye kipaji, maana sisi ndio tunaoharibu. Umewahi kutazama usaili wa Bongo Star Search? Anakuja dada wa watu, amepanga foleni tangu usiku, ana hakika kabisa. Anafungua kinywa na majaji wanatazamana. Nchi nzima inacheka. Mimi huwa najiuliza: nyumbani kwake hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia? Mama, dada, mwalimu wa kwaya? Wote walimwambia "unajua sana" kwa mapenzi, wakamwachia jaji asiyemjua amwambie ukweli mbele ya kamera. Yule dada pengine ana kipaji cha kweli, cha mapishi, cha biashara, na amekitupa kwa sababu hakuna aliyekerwa vya kutosha kumwambia kwamba wimbo hauko kwenye ufunguo wake.

Mwenye kipaji anamhitaji mtu wa pili ambaye hana haja ya kumfurahisha. Kwa yule kijana wa saiti, mtu wa pili ni fundi aliyemfokea. Nilitegemea atamfukuza. Alichukua pimamaji akapima mwenyewe, akanyamaza, halafu akamwambia asirudie kugusa ukuta wakati udongo umeanza kukaza, maana tofali ukiligonga muda huo linaachia. Kwa maneno mengine, jicho lako zuri, mkono wako bado. Sidhani kama kuna somo la bei rahisi kuliko hilo.

Hata kwenye mpira ni hivyo hivyo, na watu wa Temeke watanisamehe nikimtaja mtoto wao kwa haraka. Mbwana Samatta wa Mbagala tunamsimulia kana kwamba alilala Mbagala akaamkia Ulaya. Alipita African Lyon, akapita Simba, na mwaka 2011 akaenda Lubumbashi kujiunga na TP Mazembe. Kule alikaa karibu miaka mitano. Kila asubuhi mazoezini alikuta watu wazima wanaogombea namba ile ile anayoitaka yeye, na hakuna aliyemwita mwanetu. Mwaka 2015 wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2016 kule Abuja akatangazwa mchezaji bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Ndipo zikafuata Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mimi ile miaka ya Lubumbashi ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo isiyosimuliwa.

Najua utaniuliza: wewe unayetutajia Lubumbashi na Bombay, mimi natoka Goba saa kumi na moja alfajiri, narudi saa tatu usiku, hicho kipaji nikilee saa ngapi? Swali la haki. Sina jibu tamu. Usiache kazi. Wengi walioacha kazi kwa sababu ya video ya kwenye simu leo wanakopa nauli. Ila kazi uliyonayo ina sehemu ndogo inayokaribiana na kile unachokijua, isogelee. Karani anayependa kuandika aombe yeye aandike muhtasari wa kikao, hata kama wenzake wanaukimbia. Konda mwenye sauti anayo hadhira ya abiria kila siku, na wengine tumewahi kupitiliza kituo kwa sababu yake. Na Jumapili moja moja nenda ukakae karibu na mtu anayekuzidi kwenye kipaji hicho. Kama ni uchoraji, Oysterbay ni daladala mbili. Kama ni sanaa nyingine, Nafasi Art Space wako Mikocheni. Utarudi nyumbani umenywea kidogo. Hiyo ndiyo dawa yenyewe.

Wala si lazima kila kipaji kigeuke biashara. Yule anayeandika historia za marehemu, tafadhali, tusimfungulie kampuni.

Kwa mafundi nina habari mahususi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi aliyejifunza saitini, gereji au jikoni, asiye na cheti chochote, anapimwa kwa anachokijua, anaongezewa pale palipopungua, na anapewa cheti. Ukiwa Dar es Salaam, Chang'ombe kule Temeke ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza. Hakuna anayekuuliza ulipata ngapi darasa la saba. Kwa fundi wa Goba hii si karatasi ya kutundika sebuleni: kampuni inayojenga ghorofa inataka cheti kabla haijatazama mkono.

Nimalizie kwa wazazi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali kwenye sekondari, na baadhi ya shule zilianza mwaka 2024. Mwanafunzi anasoma masomo yake na wakati huo huo anajifunza ufundi, kilimo, michezo, muziki na mengineyo. Tayari nimesikia mazungumzo kwenye vibaraza vya Goba: amali ni ya walioshindwa, mwanangu ataenda mkondo wa jumla awe mwanasheria. Mtoto mwenyewe yuko uani, amefungua feni iliyokufa, skrubu kazipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio alioufungulia, na ukimsogezea hata moja anakasirika. Baba anamwita aje ashike kitabu. Kabla hujamwita, mzee wangu, mwulize kwanza ile feni ilikuwa na tatizo gani, na umsikilize mpaka amalize.